Nani Anasoma Jalada Lako? Taarifa za Mgonjwa katika Ukaguzi wa Huduma za Saratani

Mwanamke mmoja aliyekuwa akitibiwa saratani ya shingo ya kizazi aliacha kuhudhuria baada ya wiki ya nne ya mionzi. Miezi kadhaa baadaye, tulipokuwa tukikagua majalada, tulimweka katika safu ya wagonjwa waliopotea. Namba ya simu aliyoiandikisha haikuwa yake. Aliporejea mwenyewe, maumivu yakiwa yamezidi, alieleza sababu bila kuficha: alimwona karani anayeishi mtaani kwao akifunua majalada mezani, akahofu kwamba wakwe zake wangejua ugonjwa wake. Tangu siku ile naufundisha ulinzi wa taarifa katika somo lilelile la vipimo vya mionzi.

Ukaguzi wa huduma ni zoezi la kulinganisha tiba tuliyoitoa na kiwango tulichokubaliana kukifikia. Hautafuti dawa mpya, wala haumjaribu mgonjwa. Katika saratani ya shingo ya kizazi, kwa mfano, mionzi ya nje, tibakemia na mionzi ya ndani hutakiwa kukamilika ndani ya wiki 8, yaani siku 56, kwa kuwa kadiri tiba inavyorefuka ndivyo uwezekano wa kuudhibiti uvimbe unavyopungua. Tuchukulie kwamba kati ya wagonjwa 40, waliomaliza kwa wakati ni 26. Swali la mkaguzi linawahusu wale 14. Je, mashine iliharibika? Damu ilishuka? Nauli iliwaishia? Kila jibu lina dawa yake, na hakuna hata moja linaloweza kupatikana bila kusoma kilichoandikwa jaladani.

Sasa tazama kile kinachohitajika katika hesabu hiyo: tarehe ya kuanza na ya kumaliza, hatua ya ugonjwa, idadi ya siku zilizokosekana na sababu zake. Jina la mgonjwa halimo, wala kabila, wala jina la mume. Kanuni ya kwanza ya mkaguzi mwadilifu ni kutochukua asichokihitaji, na nakiri kwamba kanuni hii huvunjwa mara nyingi zaidi kwa uvivu kuliko kwa nia mbaya. Ni rahisi kunakili jedwali zima kuliko kuchagua safu tano.

Baada ya hapo kila mgonjwa hupewa namba ya msimbo. Orodha inayooanisha namba hizo na majina huhifadhiwa mahali pengine, chini ya mtu mmoja anayewajibika, ili mwenye jedwali asiwe na orodha. Hata hivyo, kuondoa jina hakutoshi. Ripoti ikisema kwamba mwanamume mmoja wa miaka 34 kutoka kata fulani ana saratani ya matiti, kata nzima itamjua, maana ugonjwa huo ni nadra kwa wanaume. Kwa sababu hiyo umri huandikwa kwa makundi, kijiji hubadilishwa kuwa mkoa, na visanduku vyenye watu wachache mno huachwa bila kuchapishwa. Wenzangu watoa huduma mnielewe hapa: picha ya jalada iliyotumwa katika kundi la WhatsApp ili "tusaidiane" imeshatoka mikononi mwetu. Hatujui imehifadhiwa katika simu ngapi.

Kwa Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti. Mgonjwa ana haki ya kujua taarifa zake zinatumiwa kwa ajili gani, kuziona, na kuomba zirekebishwe zilipokosewa. Asiporidhika anaweza kulalamika kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kenya ilitangulia kwa sheria yake ya mwaka 2019.

Wagonjwa huniuliza: mbona sikuombwa saini? Utafiti huhitaji ridhaa yako pamoja na kibali cha kamati ya maadili. Ukaguzi, kwa desturi, hufanywa na wale wale wanaokuhudumia, ndani ya wajibu wao wa kukuhudumia vema. Lakini desturi hiyo haituondolei deni la kukueleza. Tangazo moja la Kiswahili fasaha kwenye ukuta wa kliniki lingejibu maswali mengi, na sioni kwa nini vituo vyetu vingi havina. Na pale matokeo ya ukaguzi yanapotakiwa kutumika nje ya hospitali, au kuunganishwa na utafiti, mambo hubadilika, na kibali ni lazima.

Nawe mgonjwa, ukiogopa kuonekana, sema. Usibadilishe namba ya simu wala jina, kwani majibu ya kinyama kilichokatwa yatashindwa kukufikia. Omba iandikwe jaladani nani apigiwe na aambiwe nini. Yule mwanamke alitupatia namba ya dada yake, na maelekezo yakaandikwa kwa wino mwekundu: tukipiga, tusitaje hospitali mpaka dada mwenyewe apokee. Tulimpigia mara tatu katika kipindi kilichobaki cha tiba yake.