Majitaka Hupimwaje? Anza na Chupa

Wenzetu wa kemia na mazingira wakienda fildi, kazi ya kwanza wanayopewa mara nyingi ni hii: nenda kachukue sampuli. Inaonekana kazi ya kutumwa mtoto. Kumbe ripoti nzima inasimama au kuanguka hapo.

Hapa Tanzania, anayetaka kumwaga majitaka mtoni anahitaji kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009. Viwango vya kitaifa vya 2007 vinataka BOD, yaani oksijeni ambayo bakteria watatumia kula uchafu, isizidi miligramu 30 kwa lita. COD mwisho 60, pH kati ya 6.5 na 8.5. Si mambo ya darasani tu. Bonde la Msimbazi watu wanamwagilia mchicha kwa maji ya mto, na mchicha huo tunaula.

Chukua kromiamu ya viwanda vya ngozi. Ukitaka kupima kromiamu yote kwa jumla, unatia asidi ya nitriki kwenye chupa mpaka pH ishuke chini ya 2, ili metali isinate kwenye kuta za chupa. Sasa kromiamu-6, ile yenye sumu kali, ukiitia asidi hiyohiyo, uchafu uliomo kwenye maji huigeuza kuwa kromiamu-3. Maabara itapima kwa uaminifu kabisa, na ripoti itasema hakuna kitu! Kwa hiyo chupa mbili, lebo mbili, na hii ya pili iende kwenye deli la barafu bila asidi, ipimwe ndani ya saa 24. Mafuta yanataka chupa ya kioo, maana hung'ang'ania plastiki. pH unapima palepale.

BOD huchukua siku 5, gizani, kwenye nyuzi 20 za Selsiasi. Jibu likitoka, maji yenyewe yalishafika baharini zamani. Ndiyo maana COD, ya saa chache tu, hupimwa sambamba nayo.

Halafu kuna mchezo wa bomba, ambao mimi nauona ni mbaya kuliko yote. Kiwanda kinatoa mita za ujazo 100 kwa siku, BOD ni 120. Hizo ni kilo 12. Mtu akifungulia maji safi mpaka zifike 400, BOD inasoma 30 na kiwanda kimefaulu, lakini mto umepokea kilo zilezile 12. Chupa peke yake haiwezi kukuambia hilo, wala chupa moja ya saa nne asubuhi haijui kilichomwagwa usiku. Unachota kidogokidogo kwa saa 24, kila mara kulingana na maji yanayopita, kisha unachanganya. Mafuta na bakteria hawaingii kwenye mchanganyiko huo. Wao huchotwa mara moja, kila kimoja na chupa yake.

Kwenye fomu ya sampuli kuna nafasi ya kuandika kiasi cha maji yanayotoka. Usiiache wazi, hata msimamizi akisema haina haja.