Jeshi Likidhoofika, Mpaka Hubaki na Nani?

Mpaka wa Kenya na Somalia una urefu wa kilomita 680 hivi. Serikali ya Kenya iliufunga rasmi Januari 2007, lakini watu hawakuacha kuuvuka. Ili kuelewa sababu, ni vyema wakazi wafahamu yaliyolipata jeshi la upande wa pili.

Jeshi lilivyosambaratika

Katika miaka ya 1970, Somalia ilikuwa na mojawapo ya majeshi makubwa katika eneo hili. Vita vya Ogaden dhidi ya Ethiopia, 1977 hadi 1978, viliyavunja nguvu zake, hasa baada ya Muungano wa Kisovieti kuhamishia msaada wake upande wa Ethiopia. Baadaye jeshi hilo lilielekezwa dhidi ya raia na kugawanyika kwa misingi ya koo. Rais Siad Barre alipotoroka Mogadishu Januari 1991, jeshi la taifa lilitoweka na silaha zikaangukia mikononi mwa wanamgambo.

Athari tatu mpakani

Kwanza, mpaka ulibaki na mlinzi mmoja. Kwa kawaida, afisa wa huku huuliza na mwenzake wa ng'ambo huthibitisha. Serikali kuu ilipoanguka, hapakuwa na wa kuthibitisha jina, cheti wala pasipoti ya msafiri.

Pili, raia walikimbia. Kambi za Dadaab zilianza kufunguliwa mwaka wa 1991. Kufikia 2011, vita vilipokutana na ukame, zilikuwa na zaidi ya watu 400,000.

Tatu, njia za panya zikawa biashara. Pasipo na kituo cha ukaguzi, dalali ndiye huamua nani apite na kwa bei gani. Njia inayopitisha sukari ya magendo inaweza pia kupitisha bunduki na binadamu.

Je, upande mmoja unatosha?

Oktoba 2011, Jeshi la Ulinzi la Kenya liliingia Somalia katika operesheni ya Linda Nchi, na mwaka wa 2012 likajiunga na kikosi cha Umoja wa Afrika. Hata hivyo, tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Mwaka huo pia ujenzi wa kizuizi cha mpakani ulianza Mandera. Mei 2023, serikali hizo mbili zilitangaza kwamba mpaka ungefunguliwa kwa awamu. Julai mpango huo ukaahirishwa kufuatia mashambulizi. Funzo ni kwamba ua na doria husaidia, lakini haviwezi kujaza pengo la jirani asiye na jeshi imara.

Mkimbizi si mhalifu

Wakazi watofautishe makundi matatu. Mkimbizi anatoroka hatari na analindwa na Sheria ya Wakimbizi ya 2021, anapaswa kujisajili. Anayevuka bila kibali na bila sababu ya ukimbizi anavunja sheria ya uhamiaji. Aliyeuzwa au kudanganywa kwa ahadi ya kazi ni mwathiriwa. Anayemsafirisha mwathiriwa huyo ndiye mhalifu, na sheria ya mwaka wa 2010 inaweka adhabu ya kifungo kisichopungua miaka 30, faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili.

Wajibu wa mkazi

Ulinzi wa mpaka ni jukumu la Serikali ya Kitaifa, lakini taarifa huanzia kijijini. Mwenye nyumba ya kupangisha, mhudumu wa bodaboda au mchungaji wa mifugo akiona wageni wakisafirishwa usiku au kufungiwa nyumbani, amjulishe chifu, kamati ya Nyumba Kumi au polisi kupitia 999 au 112. Asiwashike wala kuwapiga. Familia iliyotembea siku nyingi ikifika mlangoni, ipewe maji kwanza, kisha ielekezwe kwa wanaohusika na usajili.