Sista wa karai

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni muuguzi wa diploma kutoka Mombasa, nimefanya kazi wodini miaka sita. Sasa nina miezi minane Bavaria, Ujerumani. Badala ya sindano nimepewa karai: naosha wazee, nawalisha, nawabadilisha nepi. Beji yangu inasema msaidizi. Mama amewaambia majirani mimi ni sista mkuu. Ndugu walichanga nauli na ada ya Kijerumani. Sasa mwisho wa mwezi simu hazikatiki, nami nakopa ili nitume. Wazee wenyewe wakiongea siwaelewi. Barua ya utambuzi wa cheti changu ilikuja, nikaona wameandika nina "tofauti kubwa", nikaifungia kabatini. Nirudi nyumbani?

Sista wa Karai

Marahaba mwanangu,

Usirudi, na barua hiyo itoe kabatini leo.

Kwanza karai. Kwetu mgonjwa akilazwa huogeshwa na dada yake, uji huja na shangazi kwenye chupa ya chai, na nesi hupita na trei ya dawa. Ndiyo maana karai linakukata maini. Huko ndugu huja kutazama, akaondoka. Kuosha mgonjwa ni kazi ya muuguzi, hata aliyehitimu, kwa sababu hapo ndipo anapomsoma. Unapomkausha mzee kisigino ukaona wekundu usiopotea ukiubonyeza, umekiona kidonda cha kulala kabla hakijafumuka. Macho hayo ni ya miaka yako sita. Kiandike, mwambie mkuu wa zamu.

Barua yako sijaiona, ila diploma zetu zimejaa ukunga na afya ya jamii. Wajerumani tangu 2020 wameunganisha uuguzi wa watu wazima, wa watoto na wa wazee katika mafunzo ya miaka 3. Basi usishangae pengo lako likiwa kwa hao hao wazee unaowaogesha. Hawajakutukana, wamehesabu saa za masomo. Soma wanataka nini: pengo huzibwa kwa mafunzo ya kujazia au kwa mtihani. Kwa jinsi Kijerumani chako kilivyo sasa, mimi ningechagua mafunzo. Mtandao wa ushauri uitwao IQ hukusaidia bure kuielewa barua yote.

Lugha nayo, wewe ulisoma Kijerumani sanifu ukashushwa kwenye lahaja. Mgeni aliyejifunza Kiswahili darasani ukimpeleka Lamu atakodoa macho vilevile. Tafuta bibi mmoja msemaji hapo kazini, umwombe akupe maneno matatu kila ukimwogesha.

Sasa mama. Mpigie kwa video, umwonyeshe karatasi ya mshahara mstari kwa mstari: kodi, bima ya afya, pensheni, kisha pango la chumba. Mtajie kiasi utakachotuma na tarehe yake, hata kikiwa kidogo, na mkopo wa kutuma nyumbani ukome mwezi huu. Mjomba atanuna. (Wajomba hununa hata ukituma pesa zote.)

Hilo la usista mkuu usilivue mbele ya majirani. Mwambie mama peke yake, naye atajua la kuwaambia. Akikuuliza kazi yenyewe basi ni ipi, mweleze habari ya kisigino.