Jina Lile Lile Mara Milioni

BINTI: Papa, programu yangu inapitia namba za mitikisiko ya volkano ya Nyiragongo, milioni nzima, na kwa kila namba inaita fanksheni ya `abs`. Rafiki yangu hapa mtaani Mapendo kanishauri niandike `a = abs` ndani ya fanksheni, eti itakimbia. Kwani `abs` si imo tayari ndani ya Python?

MZEE: Imo, mama, ila haiko karibu. Majina ya ndani ya fanksheni yameshapangiwa nafasi kabla kazi haijaanza. Python inajua pa kuyachukua. `abs` inaitafuta kwanza katika kamusi ya faili lako. Ikikosa, ndipo iende kwenye kamusi ya majina iliyozaliwa nayo. Mgeni wa mtaa wa Birere huulizia parselini kwanza, akikosa ndiyo amfuate chifu wa avenyu.

BINTI: Sasa akishajibiwa, kwa nini aulize tena?

MZEE: Ugumu uko hapo hapo. Python inakuruhusu wakati wowote kuandika `abs` yako katika faili lako, na yako ndiyo itakayoshika. Jibu la mwanzo halina dhamana. Mwaka 2001 na 2002 yalitolewa mapendekezo matatu ya kuharakisha utafutaji huu, moja la Guido van Rossum mwenyewe, muasisi wa lugha. Hakuna lililopitishwa.

BINTI: Wakashindwa kabisa?

MZEE: Ilichukua miaka. Kamusi zikapewa namba ya toleo, inayobadilika kamusi ikiguswa. Katika Python 3.8 ya 2019, Yury Selivanov na Inada Naoki wakaifanya ikumbuke jibu pamoja na namba za kamusi zote mbili. Namba ni zile zile? Jibu linatumika. Zimebadilika? Inatafuta upya. Agizo la kutafuta jina likaongezeka kasi kwa takriban asilimia 40. Toleo la 3.11, Oktoba 2022, likazidi: agizo likirudiwa vya kutosha linajigeuza, linahakikisha kamusi hazijaongezwa jina, kisha linachukua `abs` mahali pake bila kupekua. Naipenda sana kazi hii, kwa sababu haikukunyang'anya uhuru wa kubadilisha jina.

BINTI: Mimi natumia 3.12.

MZEE: Basi `a = abs` itakupa faida ndogo, na atakayesoma programu yako atahangaika kujua `a` ni nini. Pima muda kwa `timeit` kabla hujagusa kitu. Tena, namba zako ziweke katika safu ya maktaba ya NumPy, uite `numpy.abs` juu ya safu nzima.

BINTI: Jina litafutwe mara moja kwa milioni yote?

MZEE: Mara moja. Fungua faili, tupime njia zote mbili.