Kuazimana Maarifa kwa Njia ya Intaneti

Fundi seremala hafui msumeno mpya kila anapotaka kutengeneza kiti. Watunzi wa programu za kompyuta nao wamejitahidi kwa miaka mingi kupunguza kazi ya kuanza upya, kwa kuazimana vipande vilivyokwisha kutengenezwa. Katika programu za maarifa, hata hivyo, kuazima huko kuna masharti yake.

Programu ya maarifa ni nini?

Programu ya namna hii ina sehemu mbili. Ya kwanza ni hazina ya maarifa, yaani kanuni zilizokusanywa kutoka kwa wataalamu, kila moja ikiwa na umbo la "ikiwa hali ni hii, basi fanya vile". Ya pili ni mtambo wa hoja, ambao husoma kanuni hizo na kuziunganisha hadi kufikia uamuzi.

Mfano maarufu ni MYCIN, iliyoanza kutungwa katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwaka 1972. Programu hiyo ilimwuliza daktari maswali, kisha ikapendekeza dawa za kutibu maambukizo ya bakteria katika damu na homa ya uti wa mgongo. Baadaye watafiti waliondoa kanuni zote za tiba, wakabaki na mtambo mtupu walioupa jina la EMYCIN. Mtambo huo ulipotiwa kanuni nyingine, ilizaliwa PUFF, programu ya kuchambua vipimo vya mapafu katika hospitali moja ya San Francisco. Kompyuta ya SUMEX-AIM iliyokuwa Stanford iliunganishwa na ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti, na watafiti wa miji ya mbali waliitumia kwa pamoja.

Kanuni isiyotaja sababu

Mtambo, basi, uliazimika kwa urahisi. Je, kanuni zenyewe? Mtafiti William Clancey alijaribu kuzitumia kanuni za MYCIN kuwafundishia wanafunzi wa udaktari, akagundua upungufu mkubwa. Kanuni moja ilikataza tetrasaiklini kwa mtoto wa chini ya miaka 8, lakini haikueleza sababu. Sababu ni kwamba dawa hiyo hushikamana na kalsiamu ya meno na mifupa inayokua, ikaacha madoa ya kudumu katika meno. Mwanafunzi asiyejua hayo hawezi kupima la kufanya anapokutana na mtoto aliye hatarini kufa na hakuna dawa nyingine. Aliyeitunga kanuni alijua sababu, aliyeiazima hakupewa.

Lugha ya pamoja

Intaneti ilipoenea katika miaka ya 1990, tatizo la pili lilidhihirika, nalo ni maana ya maneno. Katika programu moja "homa" yaweza kuwa joto la mwili lililopimwa kwa kipimajoto. Katika nyingine ikawa ni maelezo ya mgonjwa tu. Vipande viwili vya namna hiyo vikiunganishwa, kompyuta haitalalamika, bali itatoa jibu la makosa. Ndiyo maana watafiti walianza kutunga ontolojia, yaani maelezo bayana ya dhana na uhusiano wake, ili kila kipande kitangaze maneno yake yana maana gani. Mwaka 2004 shirika la W3C, linaloweka kanuni za pamoja za kurasa za intaneti, lilitoa lugha ya OWL kwa kazi hiyo.

Funzo kwa Tanzania

Kanuni isemayo "malaria isiyo kali itibiwe kwa klorokwini" iliwahi kuwa sahihi Tanzania Bara. Mwaka 2001 dawa hiyo iliachwa kwa kuwa vimelea vilikuwa vimeizoea, ikafuata SP, na mwaka 2006 dawa mseto ya artemetha-lumefantrini. Hata hivyo, klorokwini bado hutumika katika nchi ambako vimelea havijaizoea. Kwa hiyo kanuni ile ile ni tiba mahali pamoja na hatari mahali pengine, wala kompyuta haiwezi kubainisha hayo isipoelezwa.

Basi anayetoa kipande cha maarifa kwa wengine hana budi kuambatisha mambo manne: maana ya maneno yake, sababu ya kila kanuni, mahali inapofaa, na tarehe ilipothibitishwa. Naye anayekipokea ayaulize hayo kabla hajakitumia. Mwenye kuazima jembe hutazama mpini. Mwenye kuazima maarifa na atazame asili yake.