USALAMA NYUMBANI: Kubadili resori na amotisa za motokari

Wafanyakazi wa shimoni wanajua desturi hii: kabla ya kuingia mahali palipopasuliwa, tunatazama juu, tunaangusha kwa mtalimbo mawe yaliyolegea, ndipo kazi inaanza. Jiwe linaloning'inia halipigi kelele, lakini nguvu ya kuanguka limekwisha kuwa nayo. Leo tunazungumza juu ya kitu kingine kinachonyamaza namna hiyo, yaani resori ya motokari. Siku ya yenga wengi wetu hulala chini ya motokari nyumbani, na hapo hakuna kapita wala mtu wa usalama.

Mfano wetu ni Triumph Spitfire, motokari ndogo ya mbio yenye viti viwili, iliyotengenezwa Coventry, Uingereza, tangu 1962 mpaka 1980. Si motokari ya njia zetu. Tumeichagua kwa kuwa sehemu yake ya mbele inaeleweka upesi: resori imevishwa juu ya amotisa, vyote viwili ni kipande kimoja, na jambo hilo utalikuta pia mbele ya motokari nyingi ndogo zinazopita mjini kwetu. Wenye kupenda Spitfire huondoa amotisa za zamani na kuweka zile zinazorekebishwa. Mwili wa amotisa hizo una nyuzi kama za buloni kubwa. Juu yake kuna pete ambayo ukiizungusha inapandisha au kushusha kiti cha resori. Tena kuna kitufe cha kuifanya amotisa iwe laini au ngumu.

Tuelewane kwanza. Resori ndiyo inayobeba uzito wa motokari. Amotisa haibebi kitu. Mafuta yaliyo ndani yake hupita kwa shida katika matundu madogo, na hivyo huzuia motokari isirukeruke baada ya kila shimo. Anayekaza kitufe cha amotisa ili apakie magunia zaidi anajidanganya.

Sasa nguvu yenyewe. Chukua resori inayohitaji kilo 3 kwa kila milimeta 1 ya kubanwa. Ukiibana milimeta 100, inasukuma kwa kilo 300. Ikifyatuka ghafula, pigo lake ni sawa na jiwe la kilo 15 lililoanguka kutoka urefu wa meta 1. Hakuna anayesimama chini ya jiwe hilo kwa kupenda. Basi kwa nini uinamishe uso juu ya resori?

Simamisha motokari mahali pa sawa, pagumu. Pima kwanza urefu kutoka katikati ya gurudumu mpaka ukingo wa bodi, kushoto na kulia, uandike. Tia kabari kwenye magurudumu ya nyuma, inua mbele kwa kriki, kisha weka tegemeo za chuma chini ya shasi. Kriki ni ya kuinua tu, haifai kulaliwa chini yake. Matofali pia hayafai, hupasuka bila kutoa habari. Na watoto wakacheze upande mwingine wa lupango; mama wa nyumba ana haki ya kusimamisha kazi akiona mtoto amekaribia.

Toa gurudumu, fungua kiungo cha fimbo ya kuzuia kuinama. Juu ya kipande cha resori utaona ekru tatu zinazokishika kwenye shasi, na katikati yake ekru moja peke yake. HIYO YA KATIKATI USIIGUSE! Ndiyo inayofunga resori iliyobanwa, hata gurudumu likining'inia hewani. Fungua zile tatu na buloni ya chini, shusha mkono wa chini, utoe kipande kizima. Mpira wa freni usiachwe kubeba uzito wa kitovu cha gurudumu. Kifunge kwa kamba.

Ukitaka kutenganisha resori na amotisa ya zamani, tumia vibanio viwili vya skrubu, kimoja kila upande, ukikaza kwa zamu kidogo kidogo. Waya na kamba si vibanio. Resori ikilegea kabisa katika kiti chake, ndipo ekru ya katikati inafunguliwa, nawe umesimama kando, si mbele ya ncha. Na wale wanaokata resori kwa moto ili motokari ishuke, waache: moto huharibu ugumu wa chuma, nayo resori huvunjika njiani. Amotisa ya gazi nayo isichomwe wala kutobolewa.

Amotisa mpya ina faida hapa. Ukishusha pete mpaka chini, resori mara nyingi inaingia kwa mkono. Kisha pandisha pete mpaka resori isicheze hata gurudumu likining'inia. Ikicheza, inaweza kutoka katika kiti chake. Rudisha kipande mahali pake. Buloni zinazopita katika mipira zikazwe mwisho motokari ikiwa imesimama juu ya magurudumu yake, la sivyo mipira itapindika na kuchanika.

Urefu unarekebishwa motokari ikiwa imeinuliwa tena, pande mbili sawasawa, ukifuata namba ulizoandika. Ukishusha mno, mikono itagonga vizuizi vyake na pine itakwaruza bodi. Nyuma ya Spitfire resori ni mabamba yaliyolala kwa upana, na zile za kabla ya 1970 zilikuwa na tabia mbaya: nyuma ikiinuka sana kwenye kona, magurudumu hujikunja chini. Usiiinue.

Kitufe cha amotisa anzia kwenye laini kabisa, ukihesabu milio; kushoto na kulia idadi moja. Jaribu njia unayoijua, polepole, kisha ongeza. Fundi apime upya mwelekeo wa magurudumu, na taa zielekezwe upya, maana urefu umebadilika.

Chora mstari wa rangi juu ya kila pete na mwili wake. Baada ya kilometa 100 hivi kaza buloni tena na utazame mstari: ukikatika, pete imesogea.