Usiwaachie Kuku Mbegu Zote

Mdogo wangu wa Kanyangi, umeniuliza kama boga lililopondwa linamtosha mtoto wa miezi minane, maana malenge yamejaa nyumbani na pesa za maziwa hazipatikani kila siku. Nakujibu hapa ili na wenzako wa ng'ambo ya mto Athi, kule Makueni, wasikie. Umechagua chakula kizuri, lakini ukimpa nyama ya boga peke yake umempa nusu tu. Nusu ya pili umewamwagia kuku.

Zaidi ya asilimia 90 ya boga ni maji. Tumbo la mtoto ni dogo, hujaa kabla hajapata nguvu za kutosha. Faida kubwa iko kwenye ile rangi ya chungwa, beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Mtoto akiikosa sana, jioni huanza kupapasa njia, na maradhi humshinda kwa urahisi. Sasa sikiliza: beta-karotini haiingii vizuri mwilini bila mafuta. Na mafuta unayo, yamo ndani ya boga hilohilo! Mbegu kavu iliyomenywa ni karibu nusu mafuta na karibu theluthi protini. Konzi moja, kama gramu 30, ina protini nyingi kuliko yai, tena ina zinki, madini ya chuma na magnesi. Nairobi watu wanazinunua kwa bei inayoniuma roho, nasi tunazitupa uani.

Zioshe mpaka utelezi uishe, kisha uzianike kwenye jua hadi zikauke kabisa. Hapo usinifanyie haraka. Mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125, wengi wao Makueni na Kitui, na mbegu za maboga nazo huweza kuota ukungu. Ukiuona, tupa. Zilizo safi zikaange bila mafuta, moto mdogo, ukikoroga hadi zianze kualika. Menya, twanga kwenye kinu ziwe unga laini kabisa, kisha tia kijiko kimoja kwenye boga au uji. Siku za kwanza anza na kidogo sana uone anavyozipokea. Mbegu nzima usimpe, atapaliwa. Twanga za siku chache tu, unga wake huchacha. Na kunyonya kuendelee, tafadhali.

Wewe mwenyewe usijisahau. Muthokoi, yale mahindi yetu yaliyokobolewa, uliochanganywa na majani machanga ya maboga, ukaukamulia ndimu, unakupa madini ya chuma yanayofyonzwa vizuri. Ila chai iache ikae kama saa moja baada ya kula, maana huyazuia.

Kuna wanaosema mbegu hizi zinaponya kisukari. Nawasihi, msiache dawa za hospitali kwa ajili ya boga. Mwenye ugonjwa wa figo amuulize daktari kwanza. Na boga likiwa chungu mdomoni, litemeni lote, msijaribu kulificha kwa sukari. Uchungu ule ni sumu ya mmea.

Maboga yaliyokomaa, yenye ganda gumu, yavuneni na kikonyo chake na kuyaweka penye kivuli pakavu, yatakaa miezi. Ukikata lililo tamu kweli, tenga mbegu chache nene bila kuzikaanga, uzipande mvua ya Oktoba ikianza.